Mgongo wa Mwigizaji: Habari za Majukwaa ya Houston na Dallas

Kwa muda wa karne nyingi, katika majumba ya tamthilia ya Ulaya na ya nchi zilizofuata desturi za Ulaya, mwigizaji alikuwa akiusiwa na wakuu wake asithubutu kuwapa watazamaji mgongo, kwa kuwa jukwaa lilikuwa chumba kilichoondolewa ukuta mmoja, na watu walioketi gizani upande wa ukuta ule walikuwa wamelipa fedha zao ili wauone uso wa mchezaji na waisikie sauti yake. Na hivyo kiwiliwili chake kilichobaki, tangu shingo hata kisigino, kikafanywa mtumishi wa uso. Habari ninayotaka kuisimulia ni ya miji miwili ya Texas ambako, kwa sababu ya joto, na uhaba wa fedha, na ukaidi wa watu wachache wasiokubali kuambiwa haiwezekani, mtumishi huyo alipewa uhuru wake, na mgongo wa mwigizaji ukapata kazi ya kusema.

Margo Jones alizaliwa mwaka 1911 katika mji mdogo wa Livingston, mashariki ya Texas, baba yake akiwa mwanasheria, na tangu udogo wake alipenda kwenda mahakamani kumtazama mzee akitetea kesi. Alisoma katika chuo cha wanawake cha Denton, kaskazini ya Dallas na Fort Worth, na alipofikia shahada ya pili aliandika juu ya nafsi za wahusika wa tamthilia za Ibsen na namna wanavyojinasua, au wanavyoshindwa kujinasua, katika dhiki za moyo. Elimu ya nafsi ingaliweza kumpeleka kwenye zahanati. Yeye ilimpeleka kwenye tamthilia, na mwaka 1936 alisafiri hata Moscow kuhudhuria tamasha la michezo ya kuigiza, akawa analipelekea gazeti la Houston habari za mambo aliyoyaona.

Wakati huo Konstantin Stanislavsky, ambaye hapana mtu katika karne ile aliyefikiri zaidi yake juu ya kazi ya uigizaji, alikuwa bado hai, mzee mgonjwa akifundisha nyumbani kwake, naye katika miaka yake ya mwisho alikuwa amekwisha kupindua sehemu kubwa ya mafundisho yake ya zamani. Zamani alimtaka mwigizaji ajichimbe moyoni, atafute huzuni yake mwenyewe aliyoizika, kisha aitoe mbele za watu. Sasa alimwambia aache kuitafuta huzuni, kwa kuwa huzuni haiitiki kwa kuitwa, bali atafute mambo ambayo mtu mwenye huzuni huyatenda, namna afungavyo mlango, namna asogezavyo kiti, namna asahauvyo kwamba ameshika kikombe mkononi, na mwili ukiyatenda hayo kwa usahihi, hisia itakuja yenyewe bila ya kubembelezwa. Stanislavsky alifariki mwaka 1938. Mafundisho hayo ya mwisho yalichelewa sana kufika Marekani, ambako wengi waliendelea kushikilia yale ya mwanzo na kuyafanya karibu dini, na mimi naona kwamba kuchelewa huko kulikuwa hasara kubwa. Lakini katika Texas jambo lile lile lilifikiwa kwa njia nyingine, na njia hiyo ilikuwa ya ujenzi wa ukumbi, wala si ya falsafa.

Aliporudi kwao, Margo Jones aliwashawishi wakuu wa idara ya burudani ya mji wa Houston wamdhamini, akaanzisha jamii ya waigizaji wa kujitolea iliyoitwa Houston Community Players, makarani na walimu na mama wa nyumbani, waliokuja mazoezini baada ya kazi zao. Walakini joto la Houston wakati wa kiangazi si la kustahimiliwa katika ukumbi uliofungwa, na kwa kuwa alikuwa amepata kuona mjini Washington mchezo ulioigizwa katikati ya ukumbi wa hoteli, watazamaji wameketi pande zote, mwaka 1939 alifanya vivyo hivyo: akaingia na wachezaji wake katika hoteli yenye mitambo ya kupoza hewa, akapanga viti kwa duara, akawaambia waigize katikati. Hapakuwa na pazia, wala mandhari ya kuchorwa, wala ukuta wa kuegemea. Hoteli ilitoa ubaridi, na ubaridi ukaleta namna mpya ya kuigiza.

Mwenye kutaka kufahamu mabadiliko hayo yalikuwa ya kiasi gani na achukue tendo dogo. Mwanamke ameketi, analetewa barua, anaifungua, anasoma kwamba mwanawe amekufa. Katika jukwaa la kawaida ataikabili hadhira, atafumbua macho, atatetemesha midomo, na watu wote wataona. Katika duara, robo moja tu ya watazamaji ndiyo inayouona uso wake. Robo nyingine inaona shavu na sikio. Na walio nyuma yake hawaoni ila kisogo, mabega, na uti wa mgongo chini ya nguo. Kama huzuni yake ni ya usoni tu, basi nusu ya watu wale wamelipa bure. Hana budi kuiteremsha habari ile mwilini: pumzi ikatike kati ya mbavu, mabega yapande kiasi cha unene wa kidole yasahau kushuka, kisigino kiinuke sakafuni kana kwamba anataka kusimama naye hana pa kwenda. Aliye nyuma yake, asiyeuona uso, aghalabu ndiye anayeguswa zaidi, maana ameachiwa kazi ya kuukisia.

Jambo la pili lilikuwa la ukaribu. Mtazamaji wa safu ya kwanza angeweza kunyosha mkono akamshika mchezaji nguo, na kwa macho ya karibu namna hiyo makunyanzi ya kuchorwa kwa rangi yalionekana kuwa ni rangi, na ndevu za gundi zilionekana kuwa ni gundi. Kijana wa miaka ishirini na mitano aliyepewa kuigiza babu hakuweza tena kuununua uzee katika kisanduku cha vipodozi. Ilimpasa autafute katika viungo vyake, ajifunze kwamba mzee hainami kwa kuwa anapenda kuinama, bali kwa kuwa nyonga imekaza na goti halimwamini, na kwamba kabla ya kuketi mzee hukitafuta kiti kwanza kwa nyuma ya mguu ndipo akauachilia mwili.

Wasomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki hawatashangazwa sana na mambo haya, kwani ngoma zetu hazikupata kuwa na ukuta wa nne wa kuondolewa. Atazamaye kirumbizi Lamu au Pemba, watu wamefanya duara, zumari inalia, wachezaji wawili wanazungukana na fimbo zao, huwapima wale wawili kwa mwendo na madaha kabla fimbo haijagusana na fimbo, naye huwapima hata kama amesimama nyuma yao. Wala hapana mchezaji wa kirumbizi aliyepata kufundishwa kwamba ana upande mmoja wa kuonyesha na upande mwingine wa kuficha. Tofauti ni kwamba kwetu jambo hili lilirithiwa, na kule Texas ilibidi livumbuliwe.

Baada ya kufundisha kwa muda katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, na baada ya kushirikiana na Eddie Dowling kuongoza tamthilia ya Tennessee Williams iitwayo The Glass Menagerie, iliyoanza Chicago mwaka 1944 na kuingia New York mwaka uliofuata, Margo Jones alikuwa na jina kubwa la kumwezesha kukaa New York maisha yake yote. Hakukaa. Alirudi Texas, mjini Dallas, na mwezi wa Juni 1947, katika jengo dogo jeupe la Fair Park, lililokuwa limejengwa na kampuni ya mafuta ya Magnolia mwaka 1936 kwa maonyesho ya kuadhimisha miaka mia ya Texas, akafungua ukumbi wa duara wenye viti 198, akauita Theatre '47, kwa sharti kwamba jina libadilike kila usiku wa mwaka mpya. Mchezo wa kwanza ulikuwa wa William Inge, ambaye wakati huo hakujulikana. Na mwezi uliofuata ikachezwa kwa mara ya kwanza popote duniani Summer and Smoke ya Williams.

Sidhani kama tamthilia ile ingaliweza kuzaliwa mahali pazuri zaidi. Alma, binti wa kasisi, ni mwanamke ambaye habari zake zote zimeandikwa katika kiwiliwili: mikono isiyotulia, pumzi inayomkatika katikati ya maneno, kicheko kinachotoka wakati usiofaa, mgongo ulionyoshwa kwa adabu za nyumba ya baba yake hata umekuwa kifungo, na tamthilia yote si kitu ila kisa cha namna kifungo kile kinavyofunguka, kwa kuchelewa, wakati ambapo mtu aliyempenda hamhitaji tena. Mchezaji aliyeitegemea sauti peke yake angempata Alma nusu tu.

Wachezaji wa Dallas walikuwa na jambo jingine la kujifunza, nalo ni giza. Kwa kuwa hapakuwa na pazia, onyesho lilipokwisha taa zilizimwa zote, na katika muda wa pumzi chache waigizaji walitoka kwa vichochoro vilivyopita kati ya viti vya watu, na wengine wakaingia kwa vichochoro hivyo hivyo, mtu akihesabu hatua zake asiikwae miguu ya watazamaji, na taa zikiwaka awe amekwisha kuketi. Wala haikutosha kuketi. Ilimpasa awe ameketi kama aketivyo yule mtu anayemwigiza, kwa kuwa jicho la kwanza la mtazamaji baada ya giza ndilo kali kuliko yote. Hivyo mwenye akili alianza kuwa mhusika tangu mlangoni, akitembea gizani kwa mwendo wa mhusika, ingawa hapana aliyemwona.

Katika miaka minane Margo Jones alionyesha michezo 85, na 57 kati ya hiyo ilikuwa mipya. Mwezi wa Januari 1955 alifungua Inherit the Wind ya Jerome Lawrence na Robert Lee, ambayo wenye majumba ya New York walikuwa wameikataa, na ambayo kisa chake ni ile kesi ya mwaka 1925 ya mwalimu wa Tennessee aliyeshtakiwa kwa kufundisha nadharia ya Darwin. Binti wa mwanasheria sasa alikuwa na mahakama yake, na watazamaji walioizunguka wakawa baraza la kesi bila ya kuulizwa. Watunzi walikwisha kuwapambanua mawakili wao wawili kwa miili kabla ya hoja: Brady, mnene, aliyeshiba sifa na chakula, anayeketi katika ukumbi kana kwamba ukumbi ni mali yake, na Drummond, anayeingia ameinama, kichwa kimetangulia mbele ya mabega, na watu wa mji wanamwogopa kabla hajasema neno. Miezi michache baadaye mchezo ulikuwa New York ukisifiwa. Margo Jones hakuzifaidi sifa hizo kwa muda mrefu: mwezi wa Julai mwaka ule ule alipatwa na sumu ya mvuke wa dawa iliyotumiwa kusafishia zulia la nyumba yake, figo zikaharibika, akafariki akiwa na umri wa miaka 43. Ukumbi wake uliendelea hata 1959, kisha ukafungwa.

Turudi Houston, ambako mwanafunzi wa Margo Jones alikuwa amekwisha kuwa mwalimu. Nina Vance, mzaliwa wa Yoakum, aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Texas Christian mjini Fort Worth na kufundisha katika shule za Houston, alikuwa mmoja wa wale waliocheza na Margo Jones mjini humo. Mwaka 1947, miezi michache baada ya ukumbi wa Dallas kufunguliwa, alipeleka kadi 214 za posta, kila moja kwa senti moja, akiwauliza watu wa Houston kama wanataka jumba jipya la tamthilia. Na watu zaidi ya mia moja wakahudhuria mkutano wa mwezi wa Oktoba. Walipata nafasi katika studio ya dansi iliyokuwa nyuma ya barabara kuu, mahali pa kufikiwa kwa uchochoro mwembamba wa matofali, na uchochoro huo ndio ulioupa ukumbi jina lake, Alley. Mwaka 1949 walihamia katika kiwanda kikuukuu cha mapangaboi, wakapanga viti tena kwa duara.

Mwaka 1954 Nina Vance alichukua hatua iliyowagawanya watu wake, nayo ni kuajiri waigizaji wa kulipwa, na wa kwanza kutajika alikuwa Albert Dekker, aliyeletwa kucheza Willy Loman katika Death of a Salesman. Hakuna katika tamthilia ya Marekani mtu aliyeandikwa mgongoni zaidi ya Loman: Arthur Miller anamwingiza usiku, hana neno, amebeba masanduku mawili makubwa ya sampuli za biashara, na katika hatua za kutoka mlangoni hata jikoni mtazamaji hana budi kujua kwamba mtu huyu amebeba masanduku yale miaka zaidi ya thelathini, kwamba viganja vinamwuma, na kwamba mzigo anaoutua haukuwa ndani ya masanduku. Aliyeketi nyuma ya Loman katika kiwanda kile cha zamani alipewa fungu kubwa kuliko aliyeketi mbele yake.

Shirika la Ford lilipoitunukia Alley zaidi ya dola milioni mbili mwaka 1962, jengo jipya likapangwa, nalo likafunguliwa mwezi wa Novemba 1968 kwa Galileo ya Brecht: jumba la saruji lenye minara, kazi ya Ulrich Franzen, katikati ya mji. Kwa wakati ule wengi wangaliliacha duara kuwa ni desturi ya siku za umaskini. Nina Vance alijenga ukumbi mkubwa juu, walakini chini yake akaweka ukumbi mdogo wa duara, na ukumbi huo ungaliko ingawa mafuriko yameuingia, mwaka 2001 na tena mwaka 2017. Kabla ya kufa kwake mwaka 1980 alimwalika kutoka Moscow mwongozaji Galina Volchek, ambaye mwaka 1978 aliwafundisha wachezaji wa Houston tamthilia ya Mikhail Roshchin iitwayo Echelon, kisa cha wanawake waliohamishwa na vita katika behewa la mizigo. Na wanawake wengi wakirundikana katika behewa, mwandishi akiwapa maneno na mahali pa kukunjia miguu hapana, lazima kila mmoja ajulikane kwa namna anavyoilinda shibiri yake ya sakafu.

Sasa ni zamu ya mtu wa tatu, naye ndiye aliyeligeuza jambo hili kuwa elimu ya kufundishwa. Paul Baker alizaliwa mwaka 1911, mwaka mmoja na Margo Jones, katika mji wa Hereford wa nyanda za magharibi, akaja kufundisha katika Chuo Kikuu cha Baylor mjini Waco, mwendo wa saa moja na nusu kusini ya Dallas. Mwaka 1941 alijenga pale ukumbi ambao ulikuwa kinyume cha duara: majukwaa yaliwazunguka watazamaji, nao waliketi katikati kwenye viti vya kuzunguka, wakijigeuza kuufuata mchezo. Mwaka 1956 alimleta Burgess Meredith acheze Hamlet, na kwa kuwa aliona kwamba mwana wa mfalme yule ni watu kadhaa walioishi katika ngozi moja, akaweka pamoja naye waigizaji wengine wa kuonyesha pande nyingine za nafsi yake. Wako waliokasirika, na ni haki yao. Mimi nasema kwamba mwalimu aliyethubutu kumgawa Hamlet katika miili zaidi ya mmoja alikuwa amekwisha kukata shauri kwamba tabia ni kitu cha kusimama na kutembea kabla ya kuwa kitu cha kunena.

Baker alifundisha somo aliloliita Integration of Abilities, na mwaka 1972 akalitoa katika kitabu cha jina hilo. Hakuanza na tamthilia. Alimwambia mwanafunzi atembee jukwaani kutoka upande mmoja hata wa pili, basi. Kisha avuke tena, safari hii kwa msiba. Kisha avuke kwa kichekesho. Na kijana aliyejua mashairi ya Shakespeare kwa moyo aligundua mbele ya wenzake kwamba hajui kutembea. Baada ya hapo alimtaka amchague mtu mmoja anayemjua vizuri, shangazi au mkulima jirani, aache sura na sauti yake, atafute mapigo ya maisha yake tu: je, huyu mtu husukuma mbele au hurudi nyuma, husita kabla ya kugusa kitu au hukikamata, husema kwanza akasogea au husogea kwanza akasema? Mapigo hayo ayapige kwa kiganja juu ya meza, kisha kwa miguu, kisha kwa mwili mzima.

Zoezi lililosifiwa na kuchekwa zaidi lilikuwa la kitu cha maumbile. Mwanafunzi alitakiwa aokote jiwe, au tawi kavu, au gome la mti, akae nalo siku nyingi, alichore, aandike kila neno linalomjia akilitazama, apapase ukwaru wake na mistari yake, mpaka ajue uzito uko upande gani na linavunjikia wapi; kisha autie mwili wake katika umbo lile, autembeze, na katika mwendo ule atafute mtu. Tawi lililopinda na kukauka huzaa mtu ambaye bega moja limetangulia, asiyegeuza shingo bali hugeuka na kifua kizima, anayenena kwa vipande. Na kutoka kwa mtu huyo huja mazungumzo, na kutoka kwa mazungumzo huja tamthilia. Wenye kucheka walisema kwamba chuo kinawafundisha watoto wa watu kuwa magogo. Lakini watunzi na wachoraji na wasanifu wa majengo walitoka katika darasa lile pamoja na waigizaji, na Baker mwenyewe alishikilia kwamba anafundisha kuumba, ambako uigizaji ni mlango wake mmoja tu.

Mwaka 1959, mwaka ule ule ukumbi wa Margo Jones ulipofungwa, Dallas ilipata jumba jingine, na Baker akawekwa kuliongoza. Frank Lloyd Wright ndiye aliyelichora, akafariki mwezi wa Aprili kabla halijafunguliwa mwezi wa Desemba, nalo likaitwa kwa jina la Kalita Humphreys, mwigizaji wa Texas aliyekufa katika ajali ya ndege. Ukumbi wake wa viti 400 na ushei hauna pembe mraba. Jukwaa ni la mviringo, lajitokeza kati ya watu, na sehemu yake yazunguka. Mwigizaji aliyezoea kusimama sambamba na ukuta hapati ukuta wa kusimama nao sambamba. Wachezaji walilalamika juu ya nafasi finyu za nyuma, na Baker aligombana na Wright tangu michoro. Hata hivyo nadhani mwalimu yule hakupata kupewa ubao wa kufundishia uliomfaa zaidi.

Na Baylor hakukaa sana baada ya hapo. Mwishoni mwa 1962 mkuu wa chuo aliisimamisha Long Day's Journey into Night ya Eugene O'Neill kwa sababu ya lugha yake, na Baker na walimu wenzake wa idara wakajiuzulu wote, wakahamia Chuo Kikuu cha Trinity, San Antonio, mwaka 1963, huku yeye akiendelea kuliongoza jumba la Dallas mpaka 1982.

Yako mambo ambayo simulizi hizi, kama zinavyosimuliwa Texas, huyapita kwa haraka, nami siwezi kuyapita. Mwili haupandi jukwaani mtupu. Watu wamekwisha kuusoma barabarani. Katika tamthilia na sinema za Marekani mtu mweusi alikuwa kwa miaka mingi amegawiwa mkao mmoja, mgongo ulioinama wa mtumishi, macho chini, sinia mkononi, au vinginevyo miguu ya mcheza dansi. Na hapana zoezi la tawi wala la jiwe liwezalo kumsaidia mwigizaji ambaye fungu lake limekwisha kukunjwa na watu wengine kabla hajafika mazoezini. Ndiyo sababu mwaka 1976 ni mwaka mkubwa katika habari hii. Houston, George Hawkins alianzisha jamii ya waigizaji weusi, vifaa vyake akivichukua katika buti la motokaa yake, ambayo imekuwa Ensemble Theatre ya barabara ya Main. Dallas, kwa amri ya mahakama ya kuondoa ubaguzi mashuleni, shule ya Booker T. Washington, iliyojengwa mwaka 1922 na kuwa kwa miaka mingi shule ya sekondari ya pekee ya watoto weusi wa mji ule, ilifanywa shule ya sanaa ya watoto wa rangi zote, na aliyewekwa kuwa mkuu wake wa kwanza hakuwa mwingine ila Paul Baker. Fort Worth ikafuata mwaka 1981, Rudy Eastman alipoanzisha Jubilee Theatre. Katika majumba hayo mtumishi anaweza kuonekana jukwaani, lakini mgongo wake unaulizwa umeinamia nini, na huonekana akifika nyumbani kwake na kuunyosha.

Imebaki habari ya mtoto wa Waco. Robert Wilson alizaliwa mjini pale mwaka 1941, akawa na kigugumizi kikali, na aliyemponya hakuwa tabibu bali mwalimu wa dansi mzee, Byrd Hoffman, aliyemwambia kwamba ana haraka mno, autulize mwili, avute maneno polepole. Kijana alipona. Alikuwa pia amehudhuria tamthilia ya watoto iliyoendeshwa Baylor chini ya kivuli cha Baker. Alipokwenda New York aliiita jamii yake ya waigizaji kwa jina la mwalimu yule wa dansi, na katika kazi iliyompatia umaarufu, Deafman Glance, aliyoibuni pamoja na mvulana kiziwi mweusi, Raymond Andrews, watu walimwona Sheryl Sutton, amevaa gauni jeusi refu, akimimina maziwa, akimpa mtoto anywe, akifuta kisu, akiua, yote kwa mwendo wa polepole usiokuwa na neno hata moja, hata wakasahau kwamba walikuja kusikiliza. Katika mazoezi yake Wilson alianza na mienendo, kila mmoja na nambari yake, hatua, kidole, shingo. Maneno yaliletwa baadaye, yakawekwa juu ya mwili ambao ulikwisha kujua njia.

Alley ilimwita arudi Texas. Mwaka 1991 ilionyesha When We Dead Awaken ya Ibsen chini ya uongozi wake, mwaka 1992 Danton's Death ya Büchner, na mwezi wa Mei 1995, akiwa na umri wa miaka 53, alipanda yeye mwenyewe jukwaani Houston na kucheza Hamlet peke yake, watu wote wa jumba la Elsinore wakiwa katika mwili mmoja. Baker wa mwaka 1956 alikuwa amemgawa mtu mmoja katika miili mingi. Wilson aliirudisha miili mingi katika mtu mmoja. Margo Jones, aliyeyapenda maneno ya watunzi wapya kuliko kitu chochote, nadhani angaligombana naye usiku kucha juu ya maneno aliyoyakata, kisha angaliuliza kwa nini kazi kama ile imewekwa mbele ya ukuta, wakati chini ya sakafu ile ile pana ukumbi wa duara. Mwezi wa Julai Wilson alikwisha kuuchukua mchezo wake New York.